Kazi ya Kila Ijumaa: Mwongozo kwa DJ Anayeanza Klabu Kigoma

Umezoea sendofu za Mwanga na harusi za Ujiji, ambako ukiharibu Jumamosi hii, Jumamosi ijayo unakutana na ukoo mwingine kabisa usiojua lolote. Sasa mwenye klabu amekuona, amekuita pembeni, amekwambia anataka uwe unapiga kwake kila Ijumaa. Hongera. Ila ujue umebadilisha kazi. Harusini watu wamefuata maharusi, wewe ni msindikizaji. Klabuni wanaokuona wiki hii ndio hao hao wa wiki ijayo, na wana kumbukumbu: saa sita ulipiga nini, maiki ilipiga mluzi mara ngapi, na ile ngoma uliyoikatisha walipokuwa ndiyo kwanza wanainuka.

Kwa hiyo humu sitakaa sana kwenye kumiksi. Mafunzo ya kumiksi yamejaa mtandaoni, bure. Nitakaa kwenye yale yanayomfanya DJ awe bado ana kazi wiki ya tano, na mengi kati ya hayo hufanyika ukumbi ukiwa mtupu.

1. Nenda ukakae kama mteja

Kabla hujasema ndiyo, nenda siku ile ile utakayopewa. Ijumaa si Jumamosi, hata kama ukumbi ni mmoja na wahudumu ni wale wale. Agiza soda, kaa karibu na kaunta, siyo karibu na DJ aliyepo. Ukikaa kwake utaangalia mikono yake, na mikono yake haikuhusu. Kaunta ndiko unakoona usiku ulivyo: meza zinajaa saa ngapi, nani anaagiza kreti nzima na nani analea bia moja hadi saa saba, ngoma gani imeinua watu bila MC kuwabembeleza, na ngoma gani imewarudisha kwenye viti. Andika kwenye simu. Watadhani unachati.

Angalia pia watu wanasimama wapi wakicheza. Kila ukumbi una kona ambayo uwanja wa kucheza huanzia, mara nyingi pale besi inaposikika vizuri na taa haimpigi mtu usoni. Kundi la kwanza kusimama kwenye kona hiyo ndilo utakalolipigia saa nzima ya kwanza.

Kuna mambo mawili ya Kigoma ambayo DJ wa Dar hatakufundisha.

La kwanza ni saa. Sisi wa mwisho wa reli tuko magharibi kabisa ya nchi lakini tunatumia saa moja na Dar, kwa hiyo giza linatufikia kama dakika 40 baada yao. Ukinakili ratiba ya mtu wa Sinza, saa tatu usiku utakuwa unawapigia vibao vikali watu ambao bado wako nyumbani na ugali wa muhogo na mgebuka. Wageni kutoka Bujumbura au Uvira nao saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Mtu wa huko akikuahidi kwamba yeye na wenzake watafika saa nne, uliza ni saa nne ya wapi.

La pili ni mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, na taa hazina maana mbalamwezi ikiwa imewaka ziwa zima. Siku za giza wako majini usiku kucha. Mwezi ukipevuka, mitumbwi inapumzika Kibirizi, Katonga na Ujiji, na vijana wako nchi kavu. Kama klabu yako iko upande wa mialo, Ijumaa ya mwezi mpevu na Ijumaa ya giza ni kumbi mbili tofauti. Weka kalenda ya mwezi kwenye simu kabla ya kupanga chochote. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Zuio la namna hiyo likija tena, mwenye klabu ataanza kuhesabu gharama, na DJ yumo kwenye hesabu. Lijue mapema kuliko kushangazwa.

2. Kaa mezani na mwenye klabu

Wengi huogopa hatua hii kwa sababu wanaona kuuliza pesa ni kukosa adabu mbele ya mtu mzima. Kinyume chake, wenye kumbi wanamheshimu kijana anayeuliza kabla, na wanamchoka anayenung'unika baadaye. Nenda mchana, amkia vizuri, kubali maji ukipewa, halafu uliza.

"Mzee, umeme ukikatika saa tano, malipo yangu yanakuwaje?"

"Jenereta lipo, kijana."

"Nimeliona, mzee. Naulizia mafuta."

Atacheka, lakini atajibu, na jibu hilo ndilo ulilolifuata. Tangu Kigoma iunganishwe na gridi ya taifa mwaka 2022 hali si ile ya enzi za majenereta ya TANESCO, lakini umeme unakatika bado, na usiku ukiharibika hivyo kila mtu hutafuta wa kumkata pesa.

Uliza unaanza saa ngapi na unamaliza saa ngapi, na nani ana mamlaka ya kukwambia endelea. Uliza unalipwa na nani, usiku ule ule au Jumatatu. Binafsi nashauri usiku ule ule, kabla hujakusanya vyombo. Jumatatu mwenye klabu yuko Kasulu na simu haipatikani. Uliza kuhusu spika ikiungua: ya nani, na itaamuliwaje aliyeiunguza. Uliza kuhusu usiku wa Simba na Yanga, kwa sababu mechi ya saa moja ikienda hadi saa tatu, runinga ndiyo DJ na wewe unasubiri. Uliza Ramadhani itakuwaje. Mji huu una Waislamu wengi, na kumbi kadhaa hupunguza siku au hufunga kabisa mwezi huo. Ukilijua hilo mapema, utatafuta kazi nyingine ya mwezi mmoja badala ya kushtukia umekaa nyumbani. Na usafiri wa kurudi: saa tisa usiku ukiwa na begi la kompyuta mgongoni, bodaboda unayemjua ni sehemu ya malipo.

Ukitoka hapo, siku hiyo hiyo tuma ujumbe wa WhatsApp, kwa heshima, bila lugha ya mwanasheria:

"Shikamoo mzee. Nashukuru kwa muda wako. Kama tulivyokubaliana: naanza Ijumaa hii, saa tatu usiku hadi saa nane. Malipo ni usiku huo huo kabla sijakusanya vyombo. Umeme ukikatika na jenereta lisiwake, nalipwa nusu. Boda ya kurudi ni ya klabu. Kama kuna nilipokosea, naomba unirekebishe."

Akijibu "sawa", una mkataba unaotosha kwa hatua yako. Akikaa kimya siku mbili, mpigie.

Vibali havichukui muda mrefu kuvielewa. Kusajili wasanii na shughuli za sanaa ni jukumu la BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Ukitaka kupiga kwa kulipwa, jisajili, na ofisi ya utamaduni ya halmashauri itakuelekeza pa kuanzia. Kupiga muziki wa watu hadharani kunagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na leseni ya upande huo ni ya ukumbi, siyo yako, lakini uliza kama ipo. Kelele je? NEMC, baraza la mazingira la taifa, wameshafunga kumbi nchini kwa sababu ya kelele. Meneja akikwambia baada ya saa sita besi ishuke kwa ajili ya majirani, usimwone mshamba.

3. Mchana, ukumbi ukiwa mtupu

Chagua siku ya katikati ya wiki na umwombe fundi mitambo awepo. Fundi wa ukumbi anajua mambo ambayo hayajaandikwa popote: chaneli namba tatu ina kutu, spika ya kushoto ilibadilishwa sabufa na ya sasa si pacha wa ile ya kulia, soketi ya ukutani inacheza. Mnunulie chai. Usiguse kitu kabla hajakuonyesha, na usimwambie mitambo yake ni ya zamani. Anajua.

Kwanza, kuunganisha. Kontrola (meza ndogo ya DJ inayoungana na kompyuta) nyingi za kuanzia zinatoa sauti kwa waya za nyekundu na nyeupe, wakati mikisa ya ukumbi inataka waya wa pini tatu kama wa maiki, au jeki nene. Beba waya zako za kuunganisha, mbili za kila aina. Ukitegemea za ukumbi, utakuta moja imekatika ndani na inashika tu ukiikunja kwa pembe fulani, na utatumia usiku mzima ukiegemea meza kuilinda.

Pili, kuunguruma. Ukisikia mngurumo wa chini spikani wakati hakuna kinachopigwa, chomoa chaja ya kompyuta. Ukikoma, tatizo ni njia za umeme: chaja imechomekwa kwenye soketi moja na mikisa kwenye nyingine, na ethi zao (nyaya za usalama zinazoingia ardhini) zinazungukana kupitia waya wa sauti. Chomeka kila kitu chako kwenye ekstensheni moja inayotoka soketi moja na mikisa. Mngurumo ukiendelea, fundi akutafutie DI boksi, kiboksi kinachotenganisha njia hizo kwenye waya wa sauti. Kuna wanaokata pini ya ethi ya chaja ili mngurumo ukome. Usifanye hivyo; usiku wa mvua, sakafu ikiwa na maji, pini hiyo ndiyo inayokulinda.

Tatu, na hapa naomba utulie, kiwango cha sauti. Weka ngoma unayoijua, kitelezi cha chaneli kiwe juu kawaida, halafu pandisha geini (nguvu ya sauti inayoingia kwenye chaneli) mpaka taa zicheze kwenye kijani na kugusa manjano kwenye vishindo. Nyekundu isiwake. Sauti kuu ya kontrola nayo hivyo hivyo. Ukitaka sauti zaidi, inaongezwa mbele, kwenye mikisa au amplifaya, na anayeiongeza ni fundi. Sababu ni hii: ukilazimisha sauti kupita uwezo wa mashine, vilele vya mawimbi vinakatwa, sauti inakuwa bapa, na nguvu ya ziada inahamia kwenye masafa ya juu. Tweta, spika ndogo za sauti za juu, ndizo zinazoipokea, na ndizo zinazoungua. DJ anasikia tu kwamba "imechangamka". Mwenye klabu anaona bili ya spika.

Ukimaliza, zunguka ukumbi wote ngoma ikiendelea. Simama mlangoni, kaa kaunta, nenda mpaka chooni. Pale unapopigia huenda besi ni nzito kwa sababu sabufa iko chini ya meza yako, kumbe katikati ya uwanja hakuna besi kabisa. Au klabu ni ya wazi upande wa ziwa, hakuna ukuta wa kuirudisha, inaondoka na upepo. Ukishajua, hutapandisha besi kwa kudanganywa na masikio yako mwenyewe. Kumbuka pia miili ya watu inameza sauti za juu: mchana ukumbi mtupu utasikika mkali kuliko usiku ukijaa, kwa hiyo usipunguze sana.

Mwisho, umeme. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, itaishikilia kontrola. Kompyuta ina betri yake. UPS haitashikilia spika na haina haja. Faida yake ni kwamba umeme ukikata dakika mbili, hutaanza kuwasha programu upya mbele ya watu. Na jifunze mpangilio: wakati wa kuwasha, amplifaya ni ya mwisho, wakati wa kuzima, ni ya kwanza. Umeme ukikatika, fundi azime amplifaya mara moja, kwa sababu umeme unaporudi huja na kishindo.

4. Muziki

Kigoma haina ladha moja. Bongo Fleva ni ya nyumbani kwa maana mbili, kwa kuwa Diamond na Alikiba wote asili yao ni huku na kila meza ina mtu anayedai undugu nao. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na bolingo hapa si muziki wa kigeni, watu wamekua nao redioni na gengeni. Kaskazini ni Burundi. Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba wimbo wa Bujumbura ukiimbwa, Muha wa Kasulu anaitikia kiitikio bila kutafsiriwa. Juu ya hapo kuna amapiano ya Afrika Kusini, ambayo vijana wanaitaka popote walipo, singeli kwa saa za mwisho, na zilipendwa kwa ajili ya wazee wanaokaa karibu na kaunta na ndio wanaolipa bili kubwa. Kwenye zilipendwa usiishie kwa bendi za Dar. Shem Karenga alianzia Lake Tanganyika Jazz hapa hapa kabla hajahamia Tabora Jazz. Mpigie mzee wa Ujiji kitu cha enzi zile uone kama hatamtuma mhudumu kwako na soda.

Sasa kupanga. Usipange mafaili kwa aina ya muziki peke yake, panga kwa saa. Fanya folda ya kufungulia, ya kupasha, ya kilele, ya kushusha, halafu moja ya dharura. Ndani ya kila moja weka mchanganyiko. Saa sita usiku hutakuwa na akili ya kujiuliza "bolingo ipi", utakuwa na akili ya "sasa hivi nahitaji nini". Folda ya dharura iwe na ngoma kumi tu, zile ambazo ulizishuhudia kwa macho, pale ulipokaa kaunta, zikiinua watu wa ukumbi huo. Usiziguse bila sababu.

Faili ziwe nzuri. Ngoma uliyoivuta kutoka video ya mtandaoni, kwenye spika za simu haina tofauti. Kwenye sabufa mbili kubwa inasikika kama imefunikwa blanketi, hasa ikifuata baada ya faili safi. Tafuta MP3 ya 320 kbps au WAV, nunua inapowezekana, na zoea kuomba kwa wasanii wenyewe. Wasanii wachanga wa Kigoma watakutumia ngoma zao kwa furaha, pamoja na ile isiyo na sauti ya mwimbaji, ambayo ni dhahabu kwa kumiksi. Usitegemee programu za kusikiliza kwa bando. Mtandao ukiyumba, nawe umeyumba.

Sikiliza kila ngoma mpaka mwisho angalau mara moja. Nyingine zina matusi dakika ya tatu, nyingine zina tangazo la tovuti katikati: "pakua sasa kwenye…", kwa sauti ya kike, ukumbi mzima ukisikia.

Nakili yote kwenye flashi mbili za FAT32 na uziweke mifuko tofauti. Zima masasisho ya kompyuta, zima arifa, zima ile hali ya kulala yenyewe. Mlio wa WhatsApp kwenye spika za klabu ni aibu isiyosahaulika upesi.

5. Mazoezi yenye maana

Mgeni hufanya mazoezi ya miksi ya saa moja anayoipenda. Fanya mazoezi ya kuvuka, yaani kutoka aina moja kwenda nyingine, kwa sababu ukumbi wako ndivyo utakavyokuwa.

Kivuko kigumu kuliko vyote huku ni cha bolingo. Nyimbo nyingi za Kongo zina sehemu mbili: kwanza uimbaji wa taratibu, kisha sebene, gitaa zinapofunguka na atalaku, yule mpiga kelele za kuchangamsha, anapopandisha mzuka. Watu wanacheza sehemu ya kwanza kwa kusubiri ya pili. DJ anayetoa wimbo sebene likiwa ndiyo linaanza, eti kwa sababu dakika tatu zimeisha, ameunyima ukumbi kile ulichokuwa ukikisubiri. Fungua kila wimbo wa Kongo kwenye programu yako, weka alama pale sebene linapoanza. Ukiwa na nafasi, anza mwanzo na usindikize mpaka kule. Ukiwa huna, ingia moja kwa moja kwenye alama.

Tatizo la pili la bolingo na zilipendwa: ngoma zilipigwa na binadamu studioni, mwendo unapanda na kushuka kidogo kidogo. Programu itakuonyesha namba moja ya BPM (mapigo kwa dakika) kana kwamba ni amapiano, na ukiiamini na kubonyeza kitufe cha kulinganisha, baada ya nusu dakika mapigo yatakuwa yanagongana. Hapo miksi iwe fupi, mapigo manne au manane, mkono ukisukuma na kuvuta kwa sikio. Au usimiksi kabisa: subiri mstari uishe, punguza, ingiza wimbo mpya kwenye pigo la kwanza. Hakuna mteja aliyewahi kuondoka kwa sababu hiyo.

Amapiano ni rahisi kumiksi, kwenye 110 hadi 115, na utangulizi wake ni mrefu. Urefu huo ndio mtego. Ukumbi wenye watu wa mchanganyiko hautavumilia dakika mbili za kusubiri besi iingie. Tengeneza alama za kuruka mbele.

Kutoka amapiano kwenda singeli kuna njia nzuri: 112 mara mbili ni 224, na singeli nyingi zinakimbia karibu na hapo. Hesabu pigo moja la amapiano kama mawili ya singeli, ingiza mdundo wa singeli taratibu juu ya besi ya amapiano, kisha kata besi. Uwanja unalipuka. Lifanye mara moja usiku, usiwe mchezo wa kila robo saa.

Rekodi mazoezi yako, kisha sikiliza kesho yake ukiwa kwenye bajaji, siyo kwenye hedifoni. Makosa ya kweli utayasikia huko.

6. Usiku wenyewe

Fika saa moja kabla. Kula kwanza. Salimia wahudumu, baunsa na mtu wa kaunta kwa majina. Hao ndio watakaokwambia meza namba sita wameanza kugombana kabla hujaona chochote.

Saa ya kwanza si yako. Watu wanaingia, wanasalimiana, wanaagiza. Sauti iwe kiasi kwamba mhudumu anasikia oda bila kuinama. Piga zilipendwa na Bongo Fleva za taratibu, rumba laini. Kila mgeni ana hamu ya kurusha vibao vyake vikubwa saa tatu na nusu, watu wanane wakiwa ukumbini. Vikishapigwa vimeisha, saa sita utavirudia, na anayejua atajua.

Panda kwa hatua. Ukiona meza mbili zimesimama bila MC kusema lolote, ongeza mwendo kidogo. Wakikaa, usiogope na kurukia kilele. Rudi nyuma hatua moja, jaribu upande mwingine. Pengine ukumbi wa leo ni wa Kongo na wewe umeng'ang'ania Afrika Kusini. Inua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta kila ngoma ikiingia. Miguu inatangulia: mtu aliyekaa huku kisigino kinagonga sakafu ni mtu wa ngoma moja zaidi.

Maombi ya nyimbo yatakuja na hayataisha. "DJ, kaka, nipigie ile…" halafu anaimba vibaya. Jibu kwa tabasamu, na useme ukweli: "ipo, itakuja tukifika kwenye mwendo wake," au "leo sina, wiki ijayo nitakuwa nayo." Hilo la pili andika, kisha uje nayo kweli, umtafute kwa macho ukiipiga. Umepata mteja wa mwaka mzima. Mtu akikutunza elfu kumi ili urudie wimbo mara ya tatu, pokea kwa heshima na usiurudie; mwambie bosi amekataza. Mabosi wameumbwa kwa kazi hiyo. Akiwa amelewa na anang'ang'ania kugusa vyombo, usibishane naye, mwangalie baunsa.

Maiki utumie kidogo. Karibisha watu, taja jina la klabu, mtaje mwenye sherehe ya kuzaliwa. Ukipiga kelele juu ya kila kiitikio, unajiimbia. Na usisimame mbele ya spika na maiki ikiwa wazi, ule mluzi mara nyingi hutokana na hilo.

Ugomvi ukizuka, shusha sauti na weka kitu cha taratibu. Usizime: ukimya unaita watazamaji. Umeme ukikatika, baki mahali pako, tabasamu, acha fundi na jenereta wafanye kazi. Ukirudi, usianze pale ulipoishia. Chukua moja ya folda ya dharura, kwa sababu hapo watu wameshika funguo mkononi.

Nusu saa ya mwisho shuka taratibu. Mtu anayeondoka akiimba kimoyomoyo anarudi. Anayefukuzwa na taa nyeupe katikati ya singeli anakwenda kumaliza usiku kwa jirani.

Na masikio. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vya kumbi za burudani mwaka 2022, liliweka ukomo wa wastani wa desibeli 100, na karibu na spika unaweza kupita hapo bila kujua. Vaa vizibo vya masikio, hedifoni isiwe juu muda wote. Mlio unaobaki sikioni asubuhi ni onyo.

7. Wiki ya pili mpaka ya tano

Ijumaa ya kwanza marafiki zako watajaa, watapiga kelele, utajiona mfalme. Ya pili hawatakuja. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Kila Jumamosi mchana, kabla hujasahau, andika: saa ngapi ukumbi ulisimama, kwa ngoma gani, saa ngapi ulikaa, mwezi ulikuwaje, mechi ilikuwapo au la, mshahara ulikuwa umetoka au bado. Baada ya mwezi una ramani ambayo DJ mwingine hawezi kuinunua. Badilisha sehemu ya orodha kila wiki lakini acha ngoma tatu au nne ziwe alama ya Ijumaa yako, zikirudi kwenye saa ile ile. Watu huanza kuzisubiri.

Usimuulize mwenye klabu "nilikuwaje?" Atasema vizuri. Muulize mtu wa kaunta mauzo yalikuwaje baada ya saa sita. Kama yalishuka wakati uwanja umejaa, unachezesha watu mfululizo bila kuwapa nafasi ya kwenda kunywa. Weka kivuko cha ngoma mbili tulivu kila baada ya muda, uone bia zinavyotoka. Ukienda kuomba nyongeza miezi mitatu baadaye, mauzo hayo ndiyo hoja yako.

Tafuta pia mtu wa kukushikia zamu. Malaria haichagui Ijumaa. Awe DJ mnayeelewana, awe ameshaiona mitambo, awe na namba ya fundi, na awe ametambulishwa kwa meneja mapema, siyo siku unapiga simu ukiwa kitandani. Mlipe kwa mkono wako kutoka kwenye malipo yako au mkubaliane alipwe moja kwa moja, lakini meneja ajue ni kipi kati ya hivyo.